Lala Wewe Kwanza

Kijijini kwetu, kule juu ya Magamba, tulimwita Mama Zamu, na nadhani wapo waliozikwa bila kujua kwamba alikuwa na jina jingine. Jina lilitokana na kazi. Yeye ndiye aliyepanga nani aende kumwosha mgonjwa yupi, nyumba kwa nyumba, asubuhi na jioni, na hakuna aliyewahi kumwona ameshika kalamu. Alipanga kichwani, kisha akakutangazia popote mlipokutana, hata kama umebeba mzigo wa viazi unashuka nao Lushoto. "Kesho wewe kwa bibi wa bondeni. Na kucha hizo kata." Halafu akaendelea na safari yake.

Ukoo wake sikuwahi kuuliza na yeye hakuwahi kuleta habari hizo. Nilichojua ni kwamba alisomea uuguzi, akafanya kazi hospitali miaka mingi, kisha akaacha kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, wagonjwa wengi hawakuwa hospitali. Walikuwa majumbani, wamegeukia ukuta. Uhuru ulipofika aliwakusanya kina mama wa kwaya baada ya ibada akawaambia, "Haya, tumejitawala. Sasa nani atamgeuza bibi yako ubavu, serikali?" Wakacheka, na waliocheka zaidi ndio aliowapa zamu za kwanza.

Mimi ni seremala. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue kwamba nina maringo ya seremala, na kwamba mwanamke huyu aliyavunja siku ya kwanza kabisa tuliyofahamiana.

Baba yangu alikuwa mkata magogo kwenye msitu wa Shume. Gogo moja liliteleza kwenye matope likampiga kiunoni. Hospitali walimtibu mfupa kadiri walivyoweza, wakamrudisha nyumbani akiwa hawezi kusimama wala kujigeuza. Nilimtengenezea kitanda. Mbao zilikuwa safi, nilizipiga randa hadi zikateleza mkononi, na kichwani mwa kitanda nikachonga maua. Majirani walikuja kukiangalia kitanda kabla ya kumwangalia mgonjwa, nami sikuwakataza.

Mama Zamu alipoingia alimwamkia Baba kwanza. "Shikamoo baba." Baba akaitikia. Mimi nikamwamkia yeye, akaitikia huku akipitisha kiganja chini ya godoro. Godoro lenyewe lilikuwa gunia lililojazwa majani makavu, kama magodoro ya watu wote wakati ule.

"Kitanda hiki umetengeneza wewe?"

"Ndiyo mama, mimi mwenyewe," nikasema, nikingoja sifa.

"Lala."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kwetu mtu mzima hajilazi kwenye kitanda cha mgonjwa. Ni kama kwenda kuugua kwa kuomba. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijiziba mdomo kwa khanga.

"Mama, hicho ni cha mgonjwa."

"Ndiyo maana nataka ulale wewe kwanza."

Tukamwinua Baba tukamweka mkekani, nami nikalala. Akaniambia nisijigeuze, maana Baba hajigeuzi. Kisha akakaa kwenye kigoda akaanza kuzungumza na Baba habari za kahawa na mvua, kana kwamba mimi sipo. Mwanzoni nilijiona mjinga tu. Baadaye nikaanza kuusikia ubao mmoja, niliouweka juu kidogo kuliko wenzake, ukiniuma begani. Halafu kisigino. Halafu mfupa wa makalio, nikatamani kusogea kidogo tu. Baba alikuwa ananitazama kutoka mkekani na nina hakika alikuwa anacheka moyoni.

"Mama, naomba niinuke."

"Baba yako akiomba, huwa unamjibu nini?"

Niliinuka nikaenda kuchukua randa. Kitanda kile nilikibomoa chote. Nilikishusha ili miguu ya mgonjwa ifike chini, nikasawazisha mbao, nikaweka ubavu mmoja unaotolewa ili mhudumu asimpandishe mtu juu ya ukingo kama anayemtoa kisimani. Maua niliyachoma jikoni. Aliporudi nilikuwa nimeshalala tayari, nikimngoja. Aliangalia, akabonyeza hapa na pale, akasema, "Tuendelee."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la juu kabisa. Mazuri na mabaya yote aliyapokea kwa uso uleule, ila mabaya yalikuwa na maelezo marefu na mazuri yalikuwa na "tuendelee." Kina mama waliofanya naye kazi walizoea, wakawa wanaambiana njiani, "Leo nimepata tuendelee," na mwenzake akamwonea wivu.

Mafunzo yake yote yalikuwa ya aina ile ya kitanda. Kila Jumamosi mchana walikutana kwenye chumba cha kanisa, na hakuna aliyeruhusiwa kumfanyia mgonjwa jambo ambalo hajafanyiwa mwenyewe. Ulitaka kulisha uji, ulilazwa chali ukalishwa uji. Ulitaka kuosha, ulioshwa mgongo kwa maji ya baridi katikati ya kipupwe, ukungu ukiwa umelala mpaka kwenye madirisha, ili usije ukasahau kupasha ya mwenzako. Nilikuwepo siku mama kiongozi wa kwaya, mwanamke mnene na mwenye heshima zake, aliponyanyuliwa na wasichana wawili waliomshika makwapani. Alilalamika kwa sauti yake ile ya kwanza mpaka watoto wakaja kuchungulia. Mama Zamu akawaambia wale wasichana, "Mmesikia? Basi mgonjwa wenu huumia hivyohivyo, ila yeye anaona haya kusema."

Usafi kwake haukuwa na mkubwa wala mdogo. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kumjulia hali Baba, akanyoosha mkono amshike, akakuta beseni la maji na sabuni limetangulia.

"Hata mimi?" akauliza.

"Mkono ni mkono, Ndugu Mwenyekiti."

Akanawa. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, siku nyingine alipokuja alinawa bila kuambiwa, akaketi akiwa ameinua viganja vyake juu vikauke.

Lakini nisimfanye malaika, maana hakuwa. Alikuwa na ulimi mkali. Alichukia moshi karibu na wagonjwa, ila yeye mwenyewe alikuwa na tumbaku ya kunusa kwenye fundo la khanga, akipiga chafya mara tu akitoka nyumba ya watu. Na aliyetuhubiria wote kwamba kuhudumiwa si aibu, mwenyewe hakukubali hata kupokewa mzigo. Homa ikimshika alijifungia ndani na komeo, akatoka imekwisha, amekonda, akikukunjia uso ili usiulize. Sikumjua mtu yeyote aliyewahi kumwekea mkono kwenye paji la uso. Jambo hilo lilikuwa linaniudhi, na nilimwambia hivyo. Aliniambia nikapige randa.

Kuhusu Baba, shida ya kwanza haikuwa mgongo. Ilikuwa heshima. Mama yangu alikwishafariki. Aliyeshinda nyumbani ni mke wangu, na mke wangu ni mkwe wa Baba. Kwetu mkwe hata ukindu wa mkeka wa baba mkwe hawezi kuuruka, sembuse kumvua nguo amwoshe. Mimi nilikuwa naondoka kutafuta kazi na mbao. Kina mama wa zamu walipokuja Baba aliwageuzia uso ukutani, akaanza kukataa na chakula, ili, kama nilivyokuja kuelewa, pasiwe na cha kuoshwa. Akapata kidonda mgongoni, juu kidogo ya makalio, na ndani ya muda mfupi kikawa kikubwa cha kutia kiganja. Mtu aliyeangusha miti ya msituni kwa msumeno wa mkono alikuwa anakufa kwa haya.

Mama Zamu hakuja kunipa pole. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda ambako wanaume walikuwa wanakunywa pombe ya miwa, mchana kweupe, mahali ambapo mwanamke wa heshima zake hakanyagi. Niliarifiwa na waliokuwepo. Alisimama mlangoni akanyoosha kidole. "Wewe, wewe na wewe. Kesho asubuhi kwa mzee wa magogo. Mnawe kabla hamjaja."

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema kuosha wagonjwa ni kazi ya kina mama.

"Chekeni tu," akasema. "Siku yenu ikija mtaoshwa na wakwe zenu."

Asubuhi wale watatu walikuwa uani kwangu wamesimama kwa mstari, mikono imeloana, wakiulizana nani aingie kwanza. Baba aliwajua wote tangu wakiwa watoto. Aliwakemea kuhusu namna wanavyoshika, akawatania kuhusu pombe, na siku hiyohiyo akala. Walimgeuza, mmoja akitoka mwingine akiingia, nami nikiwepo nilichukua zamu yangu kama wao. Mama Zamu alikuja kusafisha kidonda mwenyewe na kukiangalia kwa jicho la karibu, kama ninavyoangalia mimi ubao uliopinda. Kilianza kupungua kwenye kingo. Nilipouona ule mduara wa ngozi mpya, wa waridi, nilitoka nje nikaenda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu, na sioni haya kuandika hivyo.

Kisha ikaja Ujamaa. Sisi wa milimani hatukuhamishwa sana, tulikuwa tumeshabanana. Lakini kijiji kiliandikishwa, likapatikana shamba la pamoja, na zikawekwa siku za kulima wote. Jambo lenyewe lilikuwa jema na nililima kwa moyo. Tatizo ni kwamba balozi wa nyumba kumi alitazama nani yupo shambani, na wahudumu wa Mama Zamu hawakuwepo. Walikuwa wanageuza watu. Wakaitwa mbele ya wenzao, wakaambiwa ni watoro, wanajificha majumbani wakati wenzao wanashika majembe. Mama aliyeacha shamba lake mwenyewe kwenda kumwosha bibi wa watu hawezi kulivumilia neno hilo mara nyingi. Mmoja akaacha, akafuata mwingine. Wale wanaume watatu wa Baba nao wakaanza kukosa zamu, na wekundu ukajitokeza tena mgongoni mwake.

Basi ikaamuliwa kuwa jambo lipelekwe mkutano wa kijiji. Swali lilikuwa moja: je, zamu kwa mgonjwa ihesabiwe kuwa kazi ya kijiji, sawa na siku ya jembe? Wakisema ndiyo, wahudumu wanarudi. Wakisema hapana, huduma imekufa, na mimi nilijua nani angeifuata huduma ile kaburini. Mwenyekiti alikuwa upande wetu. Alituambia kwa siri kwamba watu wengi wamelainika na kwamba mradi hakuna la kuwatisha, litapita.

Wiki hiyo baridi ilikuwa kali mno, ile ya kipupwe inayofanya kuku wakae jikoni siku nzima. Nilikuwa nampelekea mjane mmoja kiti nilichomtengenezea, mwanamke mzee aliyepooza upande mmoja, nikamkuta Mama Zamu ameketi chini, nje, kwenye manyunyu, amempakata yule mjane mapajani. Mjane alikuwa anatapika na kuhema. Mlango ulikuwa wazi, na kizingitini palikuwa na jiko la mkaa limepinduliwa.

Kwetu chumba cha mgonjwa huzibwa. Watu hukandika vitambaa na majani ya migomba kila penye tundu ili ukungu usimwingie mgonjwa kifuani, na siku za baridi huingiza jiko. Mama Zamu alikuwa amepambana na desturi hiyo kuliko jambo lolote, maana hewa ya mkaa ikifungiwa ndani huua. Alikuwa ameingia nyumba za watu akatoa majiko kwa mikono yake, huku akitukanwa.

"Ni nani kaingiza?" nikauliza.

"Mimi."

Nikadhani anamfichia mtu.

"Ni mimi," akarudia. "Alikuwa anatetemeka. Aliniomba kwa machozi. Nikasema kidogo tu, apate joto, nikaenda kuchota maji. Mtoni nikakuta foleni. Niliporudi hakuitika."

Tulimkalisha mjane kwenye kile kiti, tukamfunika, rangi ikamrudi usoni, akaanza kuuliza kilichotokea. Nikamvuta Mama Zamu pembeni nikamwambia hakuna aliyeona, mjane mwenyewe hajui, basi anyamaze hadi mkutano upite, kisha aseme anachotaka. Na hata leo sioni kwamba nilishauri vibaya. Mgongo wa baba yangu ulikuwa unangoja jibu la mkutano ule.

"Wakiikubali kazi hii bila kujua inavyoweza kuua," akasema, "watakuwa wamekubali kazi nyingine, si hii." Akaokota jiko lake akaondoka.

Siku ya mkutano ukungu uliinuka mapema. Watu walijaa uwanja wa shule mpaka kwenye matuta ya viazi. Mwenyekiti akafungua kwa "Uhuru," tukaitikia "Na Kazi," akalieleza jambo letu vizuri sana, kwa maneno yaliyoiva, nami nikaona mikono inajiandaa kuinuka. Hapo Mama Zamu akasimama. Nilitamani mvua inyeshe.

Hakuzunguka. Alisema, "Kabla hamjainua mikono, jueni kwamba Jumanne mimi nilikaribia kumwua mama huyu." Akamwonyesha mjane, aliyekuwa kwenye kiti chake, ameletwa na binti yake. Akaeleza jiko, mlango, mtoni, yote. Akasema kama angekuwa mhudumu mwingine aliyefanya hivyo, angemfukuza. Kisha akaketi.

Uwanja ulivuma. Mtu mmoja wa nyuma, aliyekuwa analima kweli na alikuwa na haki ya kuuliza, akasema, "Kama aliyesomea anafanya hivi, hawa wengine tuwaamini vipi na wazazi wetu?" Wengi wakaafiki. Mwenyekiti alishika tama. Niliona neno "hapana" linatembea kutoka uso hadi uso, na nilimchukia Mama Zamu kwa dakika ile, nasema kweli.

Aliyesema baada yake ni mjane. Maneno yake yalitoka upande mmoja wa mdomo, polepole, watu wakasogea ili wasikie.

"Jiko niliomba mimi. Wajukuu zangu wangeniletea, na wasingerudi kuniangalia. Huyu alirudi, akanibeba." Akapumua. "Nataka kujua kesho ni zamu ya nani, maana nguo zangu zimeloekwa."

Watu wakacheka, cheko la kwanza la siku hiyo. Lakini kucheka si kuinua mkono, na yule wa nyuma alikuwa bado amesimama.

Hapo nikasikia vurugu ya watu kupisha njia. Wanaume watatu wa pombe ya miwa walikuwa wanapanda kutoka barabarani wamebeba kiti, na juu ya kiti alikuwa Baba, amevaa koti lake la kanisani. Sikuwa nimempangia kuja. Hakuwa ametoka nje ya ua tangu siku ya gogo. Walimtua mbele, kando ya meza ya Mwenyekiti, wakihema.

"Nivueni koti," akasema.

Mke wangu alielewa kabla yangu, akageuka haraka akatazama mlima. Na wakwe wengine wote wa ukoo wetu wakageuka naye. Walimvua koti, wakamvua shati, wakamwinamisha, na mzee yule ambaye alikuwa tayari kufa ili asionekane mgongo, akauonyesha kwa kijiji kizima. Pale palipokuwa na shimo palikuwa na kovu, limefunga, linang'aa. Kando yake palikuwa na ule wekundu mpya.

"Sogeeni muone," akasema. "Hili kovu ni kazi ya zamu. Huo wekundu ni wa siku mlizowaita watoro." Akakaa kidogo, kichwa bado kimeinama. "Mama huyu akikosea anasema. Mimi nimefanya kazi msituni na watu wasiosema, na ndiyo maana niko kwenye kiti. Basi. Nivisheni, kuna baridi."

Yule mtu wa nyuma ndiye aliyekuja mbele kwanza. Aliinama akaangalia kwa muda mrefu, akamvisha Baba shati mwenyewe, akafunga vifungo. Kisha, akiwa amesimama palepale, akainua mkono. Ikafuata mikono mingine, ya matuta yote, hadi Mwenyekiti akasema imetosha, tumekwishaona. Kina mama wa kwaya wakaanza kuimba bila kuambiwa. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, nikiwa na furaha ambayo sijapata kuipata tena kwenye mkutano wowote.

Mama Zamu hakuimba. Alisubiri watulie akauliza, "Na baridi? Mmekubali kazi, lakini wagonjwa bado wanatetemeka." Likawa jambo la mkutano pia. Tukakubaliana kwamba moto hautavuka kizingiti cha mgonjwa yeyote, na badala yake matofali yapashwe jikoni, yafungwe kwenye gunia, na mhudumu ayajaribu kwenye shavu lake mwenyewe kabla ya kuyaweka kwenye blanketi. Nami nikasimama nikasema kila chumba cha mgonjwa kitakuwa na dirisha linalofunguka. Kiwanda cha mbao cha Shume kilikuwa na mabanzi yaliyotupwa, yale maganda ya nje ya gogo. Siku zangu za jembe nikazigeuza kuwa siku za madirisha. Sijawahi kuchonga tena maua kwenye kitu, lakini madirisha yale nikiyapita mpaka leo nayagusa.

Kuanzia hapo, Jumamosi zilianza na makosa. Kila mhudumu alisema lake kabla ya jambo lolote, na Mama Zamu alikuwa wa kwanza kila mara, hata wiki ambayo ilibidi afikirie sana. Watu wakaja kutuangalia, kwanza kutoka vijiji vya jirani, halafu wengine kwa miguu kutoka Mtae. Walikuja hata maafisa wawili kutoka Tanga, watu waungwana, wakaomba kuelezwa namna tunavyofanya. Waliambiwa walale. Walilala, suti na vyote, na waliporudi Tanga mmoja wao alituletea blanketi gari zima.

Baba aliishi miaka mingi. Hakutembea tena, lakini alikaa nje barazani akichambua maharage na kuwakosoa wapita njia, na alipofika mwisho wake tulimzika akiwa na ngozi nzima. Nawajua matajiri ambao hawakuzikwa hivyo.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia, mimi mwenyewe nywele zilikuwa zimeshageuka nyeupe. Kina mama wapya, wengine ni mabinti wa wale wa kwanza, walikuja karakana kwangu na habari. Mama Zamu hasimami tena. Analala kwenye kitanda cha kamba kilicholegea, amefunga komeo, na akigongewa anasema hayuko tayari. Zamu amepangiwa, lakini haipokei.

Nikatengeneza kitanda. Nilikifanyia haraka lakini sikukifanyia pupa, nikakibeba na wanangu vipande vipande, mke wangu akiwa nyuma na blanketi na matofali ya moto kwenye gunia. Nikamwambia mlangoni kwamba asipofungua nitatoa dirisha, maana nililiweka mimi na najua linavyotoka. Kisha nikasikia komeo linaburutwa, polepole sana, na tulipoingia alikuwa chini, ameketi sakafuni amejifunika, mdogo kuliko nilivyomjua.

Tulimwamkia. Akaitikia. Akakitazama kitanda wakati nakiunganisha, msumari hadi msumari, na nilipomaliza akauliza.

"Umelala?"

"Nimelala, mama. Karakana."

"Mimi sijaona."

Nikavua viatu nikalala, mzee mzima, magoti yakilia. Akageukia mke wangu akaanza kumuuliza habari za kahawa na mvua. Nilielewa. Nilitulia, sikujigeuza, nikautazama mwanga wa dirisha, na nilingoja ubao uanze kuniuma. Haukuuma. Waliongea mpaka habari za mvua zikawaishia.

"Inuka," akasema mwishowe. Halafu akanyoosha mikono yake miwili, kwa mke wangu na kwangu, bila kututazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa ananyooshea mtu mikono. Tulimwinua kama alivyotufundisha, hakuna kwapa lililovutwa. Mke wangu alijaribu tofali kwenye shavu, akaliweka miguuni. Mama Zamu alikuwa mwepesi, na alikuwa anatetemeka, sijui ni baridi au ni haya, na nilitamani Baba angekuwepo amwambie neno.

Mara akaanza, kama kawaida yake. Mke wangu amenawa? Amenawa. Dirisha lifunguliwe zaidi. Likafunguliwa. Kucha zangu ni za seremala, si za mhudumu. Nikakubali. Na mto huu, akasema, mto huu mmeuweka upande wa—

Tulingoja amalizie. Nilikuwa bado nimeshika ncha ya blanketi, sijaichomeka, na tayari alikuwa amelala usingizi.